Turbo mbili mpya, moshi uleule

Samahani wasomaji kwa kimya cha wiki tano. Niliahidi kuendelea na ile habari ya hifadhidata, na wengine mmeniandikia kuuliza sehemu ya pili iko wapi. Itakuja. Leo nataka kuandika juu ya turbo, kwa sababu ndiyo iliyonila wiki hizo tano, na kwa sababu kila aliyeniona na mikono myeusi ameniuliza maswali yaleyale. Pia kuna jambo limenikaa rohoni. Nitalifikia.

Gari ni la shemeji yangu, mume wa dada. Toyota Hiace ya viti 14, injini ya dizeli ya 1KD, lita 3, linafanya kazi kati ya Likoni na Ukunda. Walilinunua kwa mkopo wa sacco pamoja na akiba ya dada, kwa hiyo likilala siku moja, nyumba mbili zinajua. Mimi nakaa Kisauni na kazi yangu ni kuandika programu. Mpaka mwaka huu nilichojua kuhusu magari ni mahali pa kutia mafuta. Lakini shemeji akanipigia simu: "Shem, wewe si mtu wa kompyuta? Na gari la siku hizi si kompyuta?" Nikaona aibu kukataa. Na niseme ukweli, nilifurahi.

Kwa asiyejua, turbo ni kitu rahisi kueleza. Moshi hutoka kwenye injini ukiwa na joto na kasi, na karibu theluthi ya nguvu ya mafuta uliyonunua hupotelea humo kwenye bomba la moshi. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza mwaka 1905 kwa wazo la kuutumia moshi huo. Unaupitisha kwenye gurudumu dogo lenye mapanga, gurudumu linazunguka, na upande wa pili wa mhimili huohuo kuna gurudumu jingine linalovuta hewa safi na kuisindilia ndani ya injini. Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuungua, na injini ileile inatoa nguvu zaidi.

Ugumu uko kwenye kasi. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mhimili wa turbo unaweza kuwa unazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika hiyohiyo. Upande mmoja wake kuna moshi wa nyuzi 700 au zaidi. Kwa kasi hiyo mhimili hauegemei chuma, unaelea ndani ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Oili huingia kwa shinikizo kupitia bomba jembamba la juu. Hutoka kupitia bomba pana la chini, na huko chini haisukumwi na kitu, inadondoka tu kwa uzito wake kurudi kwenye injini. Shikeni hilo la kudondoka.

Turbo ya kwanza ilikufa kihalali. Kwanza mluzi wake ulibadilika. Mluzi mwembamba ni kawaida, kila turbo ina wake, lakini huu ukageuka king'ora. Kisha gari likaanza kuchoka kwenye milima ya Waa, moshi mweusi nyuma, makanga anacheka na abiria hawacheki. Tukalipeleka Changamwe, kule Magongo, kwa mzee mmoja fundi ambaye shemeji alimjua tangu akiwa utingo wa lori. Sitamtaja jina.

Kwenye Hiace injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo kazi huanza kwa kuinua kiti alichokalia abiria wa mbele. Fundi akatoa mpira wa hewa, akaingiza vidole viwili, akashika ncha ya mhimili. Akautikisa kushoto na kulia, akausukuma ndani na nje. Kucheza kidogo kwa pembeni ni sawa, kwa sababu ule utando wa oili haupo injini ikiwa imezimwa. Kucheza ndani na nje kiasi cha kuhisiwa na kidole si sawa. Huu ulicheza kote kuwili, na mapanga yalikuwa yamekwisha kugusa nyumba yake, yamelika kama kisu cha muuza miwa.

Nikasema, basi tununue nyingine. Fundi akanitazama. "Mwanangu, hujauliza imeuawa na nani."

Akafungua bomba jembamba la juu na kunionyesha ndani. Lilikuwa limezibwa na masizi magumu, nafasi iliyobaki ingepita njiti ya kiberiti kwa shida. Dereva wa shemeji ana mtindo wa kutoka Ukunda mbio, kama kilomita 30, afike steji ya Likoni na kuzima papo hapo ili aokoe dizeli. Turbo inabaki na moto wake wote, oili iliyosimama ndani inapikwa na kuganda, na kila siku njia inapungua kidogo. Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi: ni lazima kuacha gari lingurume kabla ya kuzima? Ukitembeza polepole dakika za mwisho kabla ya kufika, turbo imeshapoa na huna haja ya kungoja. Ukija mbio, subiri dakika moja au mbili. Dizeli ya dakika mbili haifiki hata nauli ya mtoto.

Fundi huyu alilelewa na malori yanayotoka bandarini kwenda Kampala, na nilimpenda siku ile kwa kunieleza kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Lori linaondoka hapa likiwa usawa wa bahari. Likifika Nairobi liko karibu mita 1,700 juu, na hewa ya kule ina shinikizo kama nne kwa tano ya hewa yetu. Likifika Timboroa, zaidi ya mita 2,700, imebaki karibu robo tatu. Injini isiyo na turbo inakosa pumzi kwa kiasi hichohicho. Yenye turbo inaweza kufidia, lakini turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi kubwa zaidi kusindilia hewa nyepesi, kwa hiyo iliyochoka huweza kuonekana nzima Mombasa ikafia juu mlimani, mbali na kwao.

Haya. Turbo mpya ilinunuliwa kupitia kwa fundi kwa shilingi 48,000, na bomba jipya la juu, oili mpya na filta mpya. Siku ya kufunga ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa msaidizi na nilijiona mtu. Tulisafisha mipira yote ya hewa na ile redieta ya hewa, intakula, kwa sababu turbo ikivunjika hutapika oili na vipande vya chuma humo, na vipande vikibaki vitaenda kutafuna injini. Fundi akajaza oili safi kwenye tundu la juu la turbo na kuzungusha gurudumu kwa kidole ili ilowe yote kabla ya kuwashwa. Ulipofika wakati wa swala akanawa mikono akaniachia kazi moja: funga bomba la kurudisha oili upande wa chini, linapoingia kwenye injini. Boliti mbili na gasketi.

Gasketi ilionekana nyembamba mno machoni pangu. Niliogopa itavuja. Kwenye sanduku lake kulikuwa na tyubu ya silikoni nyekundu, nikapaka kote kuwili, nikakaza boliti, nikafuta iliyochomoza nje. Ilitoka nadhifu. Aliporudi nikamwambia tayari, akashukuru.

Tukawasha, tukaacha lingurume dakika kumi bila kukanyaga, gari likarudi kazini. Siku ya nne dereva akapiga simu: moshi wa buluu.

Rangi za moshi mnazijua wengi. Mweusi ni mafuta yaliyokosa hewa: mpira umepasuka, filta ya hewa imeziba, au turbo haisukumi. Mweupe usiokwisha ni maji yanayoingia kwenye injini au dizeli isiyoungua. Wa buluu ni oili inayoungua. Mimi sikutaka kukisia kwa rangi, nilitaka tarakimu. Nikachukua kile kifaa kidogo cha ELM327 kinachochomekwa chini ya usukani, nikaandika skripti ya Python inayosoma kasi ya injini na shinikizo la hewa kila sekunde na kuchora grafu. (Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayaitiki kila mara kwa kifaa hiki. Nilipoteza usiku mzima kabla hili halijaitika.) Dokezo moja la bure: soma shinikizo kabla ya kuwasha injini. Hapa pwani linatakiwa liwe karibu kilopaskali 101, ambayo ni hewa ya kawaida tu. Likisoma kitu cha ajabu, shida ni sensa, usiilaumu turbo.

Langu lilisoma 101. Mlimani likapanda kupita 200. Grafu ilikuwa laini kabisa. Nikajenga hoja yangu: turbo inasukuma vizuri, ila inavujisha oili, basi sili zake ni mbovu, basi ni feki. Nikamtumia fundi grafu kwa WhatsApp na maneno marefu. Nikaituma na kwenye kundi la familia, na shemeji akawaonyesha wenzake wa steji. Niliandika kwa lugha ya mtu mwenye ushahidi. Nilitumia neno "kuuziwa". Wiki hiyohiyo wenye magari wawili wa Likoni waliokuwa wakienda kwa yule mzee wakahamia kwa mwingine.

Jibu lake lilikuwa neno moja: "Leteni."

Akaifungua, akaitazama kwa muda, akasema haoni kasoro. Nikamwonyesha grafu tena. Akaibadilisha kwa muuzaji, ambaye alikataa kubeba gharama yote, na mzee akalipa nusu, 24,000, kutoka mfukoni mwake, kwa ajili ya jina lake. Akafunga ya pili mwenyewe. Bomba la kurudisha alilifungua juu tu, kwenye turbo. Chini hakukuwa na sababu ya kugusa.

Siku ya tatu moshi ukarudi.

Siku ya sita, jioni, gari likiwa kwenye steji ya Likoni na abiria tisa ndani, injini ilianza kupandisha kelele yenyewe. Dereva hakuwa amekanyaga kitu. Akazima kwa ufunguo, haikuzimika. Akachomoa ufunguo, ikazidi kulia. Moshi ulijaa mpaka watu wa feri wakafikiri ni moto. Abiria walitoka wengine kwa dirisha. Dereva, namsifu kwa hili, akakanyaga breki kwa nguvu zote, akatia gia ya tano na kuachia klachi. Gari likatikisika kama punda na kunyamaza.

Hii si jini, ijapokuwa pale steji wengine walisema hivyo. Dizeli haihitaji cheche, huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa tu. Ufunguo hukata mafuta, lakini kama injini inakunywa oili kupitia njia ya hewa, ina chakula chake na haikuhitaji wewe. Itazunguka mpaka oili iishe au ipasuke. Gari la gia za mkono, fanya alivyofanya yule dereva. La otomatiki, dawa ni kuziba mdomo wa hewa kwa ubao au kitu kigumu. Usitumie mkono wala kitambaa, vitavutwa. Ikiwa huwezi kuufikia bila hatari, shusha watu na msogee mbali. Dada yangu alikuwa kwenye foleni ya feri akirudi kutoka kazini, na aliona moshi kabla hajajua ni wa gari gani.

Tukalivuta kesho yake kupitia Dongo Kundu, ambako siku hizi unafika Miritini bila kugusa feri. Mzee hakusema kitu. Alifungua intakula na kumimina oili kwenye kopo: ilipita nusu lita. Akakaa chini akawasha sigara, akafikiri, halafu akalala chini ya gari na kufungua boliti mbili ambazo hakuna aliyezigusa tangu ile Ijumaa.

Alipotoka alikuwa ameshika bomba la kurudisha. Ndani yake ulining'inia ulimi mwekundu wa silikoni, wa urefu wa kidole, uliovimba kwa oili ya moto na kuziba karibu njia nzima.

Ile niliyofuta nje ilikuwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa imeminywa kuelekea ndani, mahali nisipopaona.

"Nani alotia hii?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Shemeji akamtazama yeye, akidhani anajisema. Nikasema ni mimi.

Hapa ndipo mafunzo yote ya mtandaoni nilikuwa nimeyasoma bila kuyaelewa. Sili za turbo si mpira. Ni vipete vyembamba vya chuma, kama ringi za pistoni, na haviwezi kuzuia oili iliyojaa. Vinafanya kazi kwa sharti kwamba oili inadondoka na kuondoka mara moja. Bomba la chini likiziba, au likikunjwa, au likilazwa mno badala ya kuteremka, oili inajaa na kupita pande zote mbili, hata kama turbo imetoka kwenye boksi asubuhi hiyo. Ni vivyo hivyo pumzi ya injini ikiziba, kwa sababu gesi ndani ya injini hupandisha shinikizo na kuizuia oili kurudi. Kwa hiyo turbo mpya ikitoa moshi wa buluu, ya mwisho kuilaumu ni turbo. Ile ya kwanza tuliyoirudisha haikuwa na kasoro, na mzee aliona hivyo kwa macho yake. Grafu yangu haikuwa na uongo pia. Ilipima hewa, na ugonjwa ulikuwa kwenye oili.

Wenzangu wa programu mnaijua ile hali ya kutafuta aliyeharibu faili, unaandika git blame kwa hamaki, na jina linalotokea ni lako.

Mzee aliisafisha ile turbo ya pili, akapima mhimili, akasema bado nzima. Akaifunga kwa gasketi ya chuma, kavu. Kisha akanipa tyubu ya silikoni nyekundu na kuniambia nikaitupe mwenyewe. Gari limemaliza wiki mbili kazini bila moshi, na dereva amejifunza kuvumilia dakika mbili.

Maswali mawili yaliyobaki niyajibu upesi. Turbo iliyotumika kutoka Japani, inafaa? Inafaa ikiwa mhimili wake hauchezi na mapanga ni mazima, na ikiwa umepata muuaji wa ile ya zamani. Kubadilisha katriji peke yake, yaani moyo wa kati, nako ni halali kama nyumba mbili za pembeni hazijakwaruzwa na kama katriji imepimwa uwiano wake kwenye mashine. Kwa kasi ile, uzito mdogo sana uliozidi upande mmoja unatosha kuiua.

Na wewe unayeuliza juu ya kutia turbo kwenye Probox yako: injini yake ya 1NZ inabana hewa mara 10.5 tayari. Ukiongeza turbo bila kubadilisha pistoni, mfumo wa mafuta na kompyuta, utakuwa na Probox yenye kasi kwa muda mfupi. Nunua Subaru, au tulia.

Sasa lile la rohoni. Nimeandika kwenye kundi la familia, maneno marefu kama ya kwanza, nikataja silikoni na nikajitaja. Kwenye steji ya Likoni haikutosha kutuma ujumbe, kwa sababu habari ya kwanza ilienda kwa mdomo. Nilivuka feri Jumamosi asubuhi na kuzunguka na shemeji kwa wenye magari mmoja mmoja. Wengine walicheka. Mmoja wa wale wawili waliohama alisema atarudi Magongo, wa pili alisema fundi wake mpya yuko karibu zaidi, na hilo siwezi kulibadilisha kwa grafu.

Ile 24,000 namlipa mzee kwa awamu tatu. Ya kwanza aliirudisha kwenye M-Pesa yangu bila neno. Nikampelekea mkononi, akaipokea, akahesabu, akatia mfukoni, kisha akaniuliza ile namba ya 101 niliipata vipi na kama simu yake inaweza kuisoma. Kifaa nimemwachia. Jumamosi hii naenda na awamu ya pili na kumwekea programu ya bure isiyohitaji Python. Kama una swali la turbo ambalo sikulijibu, niandikie kabla ya hapo nimpelekee. Mimi sijibu tena mpaka niwe nimefungua boliti za chini.